Bi Wakili Anajibu: Hukumu imetoka, gazeti liko wapi?

Barua za mwezi huu zimejaa swali moja lililovaa nguo tofauti. Mahakama za haki za binadamu zikisema serikali imekosea kwa kufungia gazeti, kumfunga mwandishi au kutunga sheria kandamizi ya habari, serikali hutii? Nimechagua barua 5. Wasomaji wapya wajue kwamba kabla ya uwakili nilikaa miaka mingi kwenye meza ya wahariri wa gazeti moja Dar es Salaam, na nikisema gazeti limefungiwa najua ninachokisema.

*Shikamoo Bi Wakili. Mimi nauza magazeti hapa Msamvu, Morogoro. Mseto lilipofungiwa mwaka 2016 wateja walikuwa wakiliulizia kila siku. Mwaka 2018 nikasikia redioni wameshinda kesi Arusha, nikawaambia wateja wajiandae, linarudi. Halikurudi. Leseni nilisikia wamepewa 2022. Sasa nauliza, mahakama isiyo na askari ina faida gani kwa mtu kama mimi?*
*Muuza magazeti, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Hebu tuzipange tarehe, maana kesi hii yote imo ndani ya tarehe zake.

Agosti 2016, waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alilifungia Mseto kwa miaka 3, toleo la mtandaoni likiwemo, kwa kutumia kifungu cha 25 cha Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Chanzo kilikuwa habari iliyomtuhumu kiongozi wa ngazi ya naibu waziri. Mhariri na kampuni yake, Hali Halisi Publishers, wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Tarehe 21 Juni 2018 majaji wakasema amri ile ilivunja Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 6(d) na ya 7(2), zinazozibana nchi wanachama kufuata demokrasia, utawala wa sheria na uwajibikaji. Waziri hakuonyesha habari ile ingehatarisha vipi amani. Alitoa maoni yake tu. Mahakama ikamwagiza aifute amri na aliache gazeti liendelee kuchapishwa.

Siku hukumu inasomwa, kifungo kilikuwa kimebakiza takriban miezi 14. Amri ingetekelezwa wiki ileile, ungelipanga Mseto mezani kwako mwaka mzima na zaidi. Haikutekelezwa. Agosti 2019 ile miaka 3 ikaisha yenyewe, na bado gazeti halikutoka, kwa sababu kufikia hapo Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilikuwa imeleta mfumo wa leseni, na kuisha kwa adhabu hakukumaanisha kupata leseni. Februari 2022 ndipo leseni zikarudishwa, na aliyezirudisha ni Nape Nnauye yuleyule, akiwa tena waziri wa habari, kwa maelekezo ya Rais Samia Suluhu Hassan.

Nilifurahi siku ile, tena sana. Lakini angalia magazeti yaliyofunguliwa yalikuwa mangapi: Mseto, Mwanahalisi, Mawio na Tanzania Daima. Manne. Lililokuwa na hukumu ile ya Arusha mkononi ni moja tu, na lilisubiri hadi siku moja na wenzake. Ile ilikuwa hatua ya kisiasa, na ilikuwa njema, lakini mimi siwezi kuiandika kwenye daftari langu kama utekelezaji wa hukumu ya 2018. Mtu aliyekaa na amri ya mahakama miaka 3 na miezi 7 bila kupewa haki yake hakutiiwa.

Askari hawapo, hapo umesema kweli. Kilichopo ni ibara ya 38 ya Mkataba, inayoitaka nchi mwanachama ichukue hatua za kutekeleza hukumu bila kuchelewa. Hayo maneno "bila kuchelewa" ndiyo yote tuliyonayo, na hakuna ofisi iliyopewa kazi ya kuhesabu siku.

Wengi wanaoandika kuhusu mambo haya hawajawahi kuona gazeti likifungiwa, basi niwaeleze. Nilikuwa zamu ya usiku barua ilipoletwa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshapita kwa mhariri, kurasa za michezo zilikuwa tayari mtamboni, na dereva wa gari la kwenda mikoani alikuwa amekaa kwenye ngazi akisubiri vifurushi. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuwapigia mawakala. Wakala wa Mbeya alinyamaza, kisha akauliza pesa yake ya dhamana atarudishiwa lini. Mwisho wa wiki watu wa matangazo walikuwa wameshahamia kwingine, na hawawezi kulaumiwa, sabuni haisubiri kesi. Mwezi uliofuata waandishi wawili wazuri kuliko wote tuliokuwa nao walipata kazi kwenye mashirika. Mpiga picha akarudi kwao kulima. Msomaji naye anazoea gazeti jingine, au anazoea kutosoma. Baada ya miaka 3 kinachoweza kufunguliwa ni jina, na leseni mpya juu yake.

Ndiyo maana nasema, kwenye kesi za habari, kuchelewa kutii ndiyo adhabu yenyewe imekamilika. Nyumba ukirudishiwa baada ya miaka 5 bado ni nyumba. Habari ya wiki ile ya Agosti 2016 hairudi.

Kuhusu faida kwako: hukumu ile bado inasomwa mahakamani na kila wakili anayemtetea mhariri katika nchi za Jumuiya. Wateja wako pia wana haki ya kujua kwamba gazeti lao halikufungiwa kihalali. Waambie.

*Bi Wakili, mimi ni Mrundi, nimekaa Kigoma tangu mwaka 2015. Chama chetu cha waandishi kilishinda kesi Arusha mwaka huohuo, lakini redio zetu zilichomwa juma lilelile. Tulishinda au tulishindwa?*
*Msomaji, Kigoma*

Pole, ndugu yangu. Swali lako limenikalisha muda mrefu kuliko mengine yote.

Sheria mliyoipinga ilitiwa saini tarehe 4 Juni 2013. Ilimlazimisha mwandishi kutaja chanzo chake cha habari katika mambo ya usalama na mengineyo, na ikamkataza kuandika yanayogusa uthabiti wa sarafu, uchumi wa nchi, shughuli za kidiplomasia, hata ripoti za tume za uchunguzi. Muungano wa Waandishi wa Burundi ukaipeleka Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 9 Mei 2015 serikali ikatoa sheria mpya ya habari. Tarehe 13 Mei likatangazwa jaribio la kumpindua Rais Pierre Nkurunziza. Siku ile na iliyofuata zikashambuliwa Radio Publique Africaine, Bonesha FM, Isanganiro na Renaissance, na hata Rema FM iliyohesabiwa kuwa upande wa serikali haikusalimika. Tarehe 15 Mei, moshi haujaisha Bujumbura, majaji wa Arusha wakasoma hukumu: ibara ya 20 ya kutaja vyanzo na vipengele vitatu vya ibara ya 19 vimevunja Mkataba.

Serikali ikiulizwa kama ilitii, itasema sheria ile ya 2013 ilishaondoka kabla hata ya hukumu. Kwenye karatasi jibu hilo linasimama. Lakini hukumu ya uhuru wa habari hupimwa kwa kufungua redio na kusikiliza kama inasema. Isanganiro na Rema ziliruhusiwa kurudi hewani Februari 2016, Bonesha mpaka 2021. Waandishi wengi wakati huo walikuwa Kigali, Kampala au Ulaya, na wewe ukiwa Kigoma. Kwa hiyo kwa Burundi yenyewe, siwezi kukwambia mlishinda.

Ila kuna jambo ambalo huenda hulijui, na nataka ulijue. Hukumu yenu ndiyo iliyofungua njia. Kabla yake, serikali zilikuwa zikibisha kwamba mahakama ile ni ya mambo ya jumuiya, haina kazi na uhuru wa habari. Majaji wakasema kwa kesi yenu kwamba vyombo huru vya habari ni sehemu ya demokrasia ambayo nchi zote zimeahidi kwenye Mkataba, kwa hiyo wana mamlaka. Wahariri wa Mseto walipokwenda Arusha, waliingia kwa mlango huo. Mwaka 2017 Baraza la Habari Tanzania nalo likaingia humohumo. Ndugu yangu Mrundi, gazeti la Kitanzania lilitetewa kwa jasho la waandishi wa Bujumbura.

*Salaam aleikum Bi. Sisi huku tunasikia kushinda kesi tu. Je, kuna serikali yoyote Afrika iliyowahi kutii kweli, ikalipa na ikabadilisha sheria?*
*Msomaji, Likoni, Mombasa*

Wa aleikum salaam. Ipo. Burkina Faso.

Lohé Issa Konaté alikuwa mhariri wa gazeti la kila wiki liitwalo L'Ouragan. Agosti 2012 alichapisha makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali kwa ufisadi. Oktoba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miezi 12, akapigwa faini ya faranga za CFA milioni 1.5, fidia ya milioni 4.5 kwa mlalamikaji, na gazeti likasimamishwa miezi 6. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha. Tarehe 5 Desemba 2014 mahakama ikasema kumfunga mtu jela kwa kosa la kashfa ni adhabu iliyopita kiasi. Konaté alikuwa ameshaimaliza jela yake. Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa mahakama hiyo kuhusu jela kwa kosa la kashfa.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda. Septemba 2015 Burkina Faso ilipitisha sheria mpya ya magazeti, kifungo cha jela kwa kashfa kikaondoka. Juni 2016 mahakama ikakokotoa fidia: milioni 25 za CFA kwa kipato alichopoteza, milioni 10 kwa machungu yake na ya familia yake, kumbukumbu ya hatia ifutwe, na muhtasari wa hukumu uchapishwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye gazeti linalosomwa na watu wengi. Serikali ikalipa.

Kwa nini wao waliweza? Kwanza siasa ilikuwa imegeuka: Rais Blaise Compaoré alikimbia nchi tarehe 31 Oktoba 2014, wiki 5 kabla ya hukumu, na bunge la mpito lilitaka kuonekana tofauti na lile lililopita. Pili, waandishi wa Ouagadougou wanakumbuka walikotoka. Mwenzao Norbert Zongo aliuawa pamoja na watu 3 tarehe 13 Desemba 1998, na mahakama hiyohiyo ya Arusha ikasema Machi 2014 kwamba serikali haikuchunguza ipasavyo. Hawakuacha mambo yalale. Tatu, na hili mawakili wenzangu walisikie: hukumu ya Konaté iliweka muda, usiozidi miaka 2, na serikali iliamriwa irudi mahakamani kueleza ilichofanya.

Hata hivyo usidhani nchi ikishatii imetii daima. Juni 2019 Burkina Faso hiyohiyo ilibadili sheria ya makosa ya jinai, ikaweka kifungo kwa habari fulani za operesheni za jeshi, na baada ya mapinduzi ya 2022 waandishi wamechukuliwa kwa nguvu na kupelekwa vitani.

Mfano wa pili ni Gambia. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliiamuru mwaka 2008 imwachie Ebrima Manneh, mwandishi wa Daily Observer aliyetoweka baada ya kukamatwa Julai 2006, na ilipe dola 100,000. Mwaka 2010 ikaamuru dola 200,000 kwa Musa Saidykhan, mhariri aliyeteswa. Mwaka 2014, dola 50,000 kwa familia ya Deyda Hydara, mwanzilishi mwenza wa The Point, aliyepigwa risasi Desemba 2004. Rais wa wakati huo, Yahya Jammeh, hakulipa hata senti. Alipoondoka Januari 2017, serikali mpya ikaanza kulipa fidia hizo. Manneh hakurudi. Lakini hukumu zile, zilizodhaniwa zimekufa, zilikuwa bado zinadai. Haziozi. Familia iliyozitunza ilikuwa na karatasi ya kuweka mezani siku mlango ulipofunguka.

*Bi Wakili, nasoma uandishi wa habari Dodoma. Mwalimu wetu anasema marekebisho ya sheria ya habari ya mwaka 2023 ni Tanzania kutii hukumu ya Arusha. Ni kweli?*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Nusu. Tarehe 28 Machi 2019, katika kesi ya Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, mahakama ilitaja vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari kuwa vinavunja Mkataba: kashfa kama jinai, uchochezi, mamlaka ya waziri kupiga marufuku maudhui, na vingine. Juni 2023 Bunge liliiondoa kashfa kwenye jinai na kupunguza adhabu kadhaa. Hilo ni jambo kubwa, na waliolipigania wanastahili pongezi. Uchochezi ulibaki. Leseni ya magazeti ilibaki. Mwambie mwalimu wako aziweke hukumu na sheria mpya kwenye meza moja, asome kifungu kwa kifungu, ndipo ajibu. Nawe fanya hivyo kabla ya mtihani, hukumu iko bure kwenye tovuti ya mahakama. Na angalia jambo moja: hukumu ile haikuweka tarehe ya mwisho. Ilichukua miaka 4.

*Mama, gazeti letu dogo la mkoani limepewa barua ya kusimamishwa. Bodi inakutana mwezi ujao kujadili. Tuende mahakama gani, na tukishinda tutahakikishaje tunafunguliwa?*
*Mhariri, Kanda ya Ziwa*

Barua yako nimeisoma mara tatu na inanitia hofu kwa sababu ya hayo maneno "mwezi ujao".

Ile Mahakama ya Afrika iliyomsaidia Konaté huwezi kuifikia moja kwa moja. Mwananchi hupita pale tu ikiwa nchi yake imetoa tamko la kumruhusu. Rwanda ilijitoa mwaka 2016, Tanzania Novemba 2019, Benin na Côte d'Ivoire mwaka 2020. Kenya na Uganda hazijawahi kutoa tamko hilo. Kilichobaki kwako ni Mahakama Kuu hapa nchini, na Mahakama ya Afrika Mashariki. Hii ya pili ina uzuri wake: hailazimishi umalize kwanza mahakama za nyumbani, na ina masjala ndogo Dar es Salaam, kwa hiyo huna haja ya kusafiri hadi Arusha kufungua shauri.

Ubaya wake ni miezi 2. Mkataba, ibara ya 30, unakutaka ufungue shauri ndani ya miezi 2 tangu uamuzi unaoulalamikia, na majaji wa Arusha hawana huruma na muda huo. Wamefukuza kesi kwa kuchelewa tu.

Katika maombi yenu msiishie kuomba "amri itamkwe kuwa batili". Hilo ndilo kosa ninaloliona kwenye mafaili mengi. Ombeni amri ya muda ya kusimamisha barua ile wakati kesi inaendelea, maana kesi inaweza kuchukua miaka na mnajua gazeti likikaa miezi 6 limekwisha. Ombeni tarehe: gazeti lirudi ndani ya siku kadhaa baada ya hukumu. Ombeni serikali irudi mahakamani na kiapo kueleza ilivyotekeleza. Mkiomba, majaji wanaweza kuwapa. Msipoomba, hawatawapa.

Halafu wekeni hesabu kuanzia leo: nakala zilizokuwa zinachapwa, mikataba ya matangazo, stakabadhi za mchapaji, mishahara, madeni ya mawakala. Anayedai fidia ya kipato awe na cha kuonyesha. Waandishi mnaandika ya wote isipokuwa yenu.

Siku mkishinda, msingoje kupigiwa simu. Asubuhi ileile pelekeni nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwa wizara na kwa aliyewapa barua, mtu asaini na kugonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Baada ya wiki 2 andikeni tena. Mkinyamaziwa, rudini mahakamani kuomba itamke kwamba agizo lake limekaidiwa. Na wenzenu wa magazeti mengine wachapishe, kila mwezi, ni siku ngapi zimepita tangu hukumu. Mseto wangefanyiwa hivyo kwa miaka ile, nadhani tungeona tofauti.

Ila hayo yote ni ya baadaye. Miezi 2 yenu inahesabiwa kutoka tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya kusimamishwa, haihesabiwi kutoka kikao cha bodi. Itisheni kikao wiki hii, na nitumieni nakala ya barua, kurasa zote, pamoja na bahasha.